Kwa nini penye pantoni huota kijiji

Kwetu Chiola, Nachingwea, bahari ni kitu cha kusimuliwa. Mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuiona. Lakini muulize mtu mzima yeyote aliyewahi kusafiri kwenda Dar es Salaam kabla ya mwaka 2003 habari za Ndundu, uone atakavyojiweka sawa kwenye kiti kwanza. Ndundu ndipo mabasi ya kusini yalipovuka mto Rufiji kwa pantoni. Shangazi yangu alilala pale siku tatu msimu mmoja wa mvua. Mto wenyewe hausimulii sana. Anachokumbuka ni mama mmoja aliyempikia ugali na samaki siku zote tatu, mpaka akawa anamwita mwanangu, na bei ya chai iliyokuwa ikipanda kila basi jipya lilipojipanga nyuma ya foleni. "Pale palikuwa mji," huwa anasema.

Sasa swali langu, ambalo limenisumbua tangu nianze kusoma mambo ya usafirishaji: ule mji ulitoka wapi, na ulikwenda wapi? Ndundu iko mtoni, ila jibu linaeleweka vizuri zaidi tukianzia pwani, kwa sababu pwani yetu imejaa vijiji vilivyoota mbele ya vivuko. Ukisimama Lindi mjini, ng'ambo unaona Kitunda. Mtwara kuna Msangamkuu. Dar kuna Kigamboni, na Mombasa kuna Likoni. Ramani ni kama imechorwa na mtu mmoja: mji upande mmoja, maji membamba katikati, kijiji upande wa pili.

Aliyeichora ni barafu, na hapo sikutanii. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kwenye mabara ya kaskazini na kusini, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa karibu mita 120. Mito ya pwani yetu, Lukuledi ikiwamo, ilichimba mabonde yake kuifuata bahari kule chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuingia kwenye mabonde hayo. Ghuba ya Lindi ni bonde la mto lililozama. Hori la Dar es Salaam na ghuba za Mtwara na Mombasa zina historia ya namna hiyo hiyo. Ndiyo maana zina mlango mwembamba na kina kizuri, halafu mkono mrefu unaoingia ndani ya nchi. Meli hupenda kutulia humo, na mji hujengwa hapo. Aliye upande wa pili ana njia mbili: avuke maji kwa dakika chache, au azunguke mkono wote kwa barabara. Mtu wa Kitunda asiyetaka kuvuka lazima aifuate ghuba mpaka ndani, upande wa Mnazi Mmoja, ndipo arudi Lindi. Kwa hiyo kivuko hakihitaji kutangazwa. Jiografia imeshakitangaza.

Lakini maji membamba peke yake hayajengi kijiji. Kuna sehemu nyingi nyembamba ambazo mitumbwi huvusha watu kila siku na hakuna hata kibanda cha kahawa. Kinachojenga kijiji ni kusubiri.

Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, si ngumu. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, John Little, alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo hutumika benki, hospitali na kwenye mitandao ya simu. Inasema hivi: idadi ya watu walio kwenye foleni, kwa wastani, ni sawa na kasi ya watu kufika mara muda ambao kila mmoja anasubiri. Basi. Tuseme kwenye gati fulani wanafika abiria 4 kila dakika, na kila mmoja husubiri dakika 30. Wakati wowote utakaopita pale utakuta watu wapatao 120 wamesimama. Watu wenyewe wanabadilika kila pantoni inapoondoka, lakini 120 wapo. Kwa mama lishe hao 120 ndio sokoni kwake, na hakuhitaji kuwafuata.

Sasa ongeza pantoni ya pili, kusubiri kushuke hadi dakika 10. Watu wanaovuka ni wale wale 4 kwa dakika, hakuna aliyepungua, ila waliosimama gatini ni 40 tu. Theluthi mbili ya soko imeyeyuka bila abiria hata mmoja kuhama. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakiwamo wapangaji wa miradi: wanahesabu waliovuka. Mfanyabiashara wa gatini hali kutokana na waliovuka, anakula kutokana na dakika walizosubiri.

Tena kila biashara ina dakika zake. Muuza karanga anahitaji dakika moja, na anaweza kutembea nazo kati ya magari. Chai na chapati zinataka kama kumi. Ugali na samaki, mpaka uagize, ule, unawe na ubishane kuhusu chenji, ni nusu saa. Gesti inataka usiku mzima. Kwa hiyo ukifika kwenye kivuko usichokijua, usimuulize mtu pantoni inachelewa kiasi gani. Angalia biashara. Ukiona karanga na maji ya chupa tu, pale mambo yanakwenda. Ukiona mabenchi ya ugali, tafuta kivuli. Ukiona gesti, mpigie simu anayekungoja umwambie ukweli. Shangazi alikuta gesti Ndundu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolikokotoa mara ya kwanza. Pantoni ikiondoka kila baada ya saa moja kamili, na watu wakawa wanafika wakati wowote, wastani wa kusubiri ni dakika 30. Hilo liko wazi. Sasa chukua pantoni ile ile, safari ni zile zile mbili kwa saa mbili, ila ratiba imevurugika: moja inaondoka baada ya dakika 10, inayofuata baada ya dakika 110. Wastani wa kusubiri unakuwa karibu dakika 51. Kwa nini, wakati safari hazijapungua? Kwa sababu abiria wengi zaidi wanafika ndani ya lile pengo refu kuliko ndani ya lile fupi. Ukijiona una mkosi, kila ukifika gatini pantoni ndiyo kwanza imeondoka, si mkosi. Pengo refu lina nafasi kubwa zaidi ya kukunasa.

Na pwani yetu mapengo hayo yana mshirika wake, mwezi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3; wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Gati la pantoni ni mteremko unaoingia majini, na mteremko ukiwa mfupi, maji yakipwa sana chombo hakiwezi kusogea vizuri na lori lililobeba haliwezi kushuka bila kukwaruza. Ofisi na shule zinafunguliwa saa ile ile kila siku, lakini maji hayana saa hiyo. Wiki hii maji yamejaa saa moja asubuhi, wiki ijayo saa hiyo hiyo yamepwa kabisa. Waliokulia kando ya gati wanalijua hili bila kalenda, na ndiyo sababu mabenchi ya chai hupangwa kwa kuhesabu siku za mwezi, si siku za wiki.

Sasa turudi upande wa Nachingwea, maana sisi nasi tuliwahi kuwa na bandari yetu, na hadithi yake inaonyesha kuwa kusubiri nako kuna aina zake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaja na mpango wa kulima karanga Tanganyika kwenye eneo kubwa sana, na sehemu tatu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shida ya Nachingwea ilikuwa hakuna reli wala bandari ya maji marefu. Mtwara ilikuwa na ghuba nzuri, kina cha kutosha, lakini kujenga gati kungechukua miaka. Wakaanza kwa muda na Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, mahali ambapo Lukuledi inakutana na maji ya chumvi. Meli haikuweza kufika huko. Ilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi Mkwaya, mzigo ukapandishwa tena kwenye treni iliyoanza kwenda Nachingwea mwaka 1949. Ukihesabu, ni mzigo mmoja umebebwa mara mbili, na katikati umesubiri mara mbili. Kwa kanuni ya Little, Mkwaya ilipaswa kuwa mji.

Haikuwa. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, na katikati ya miaka ya 1950 reli ikaunganishwa na gati jipya la Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nzima ilifungwa na mataruma yakang'olewa. Mkwaya ikabaki jina ambalo hata sisi wa Nachingwea wengi hatulijui. Mtwara, iliyozaliwa na mpango ule ule ulioshindwa, leo ni mji na bandari.

Kufutwa kwa mpango hakutoshi kueleza tofauti hiyo, maana wote wawili walipoteza karanga. Maelezo ninayoyaamini mimi yaliandikwa na Charles Cooley huko Marekani mwaka 1894, zaidi ya nusu karne kabla ya Mkwaya. Cooley alisema watu na mali hukusanyika pale safari inapokatika. Lakini akatenganisha mikatiko miwili. Upo ule wa mzigo kubadili chombo tu: unashuka huku, unapanda kule, mwenyewe ni yule yule. Na upo ule ambao mzigo unabadili pia mwenyewe: mmoja anauza, mwingine ananunua. Wa kwanza unahitaji makuli na kamba. Wa pili unahitaji ghala, mizani, dalali, mtu wa kukopesha, mtu wa kubadilisha fedha, mahali pa kulala mgeni aliyekuja kuangalia bei. Mkwaya ilikuwa ya aina ya kwanza. Trekta lililoshushwa pale lilikuwa mali ya mradi likiwa melini, likiwa kwenye tishari, na likiwa ndani ya behewa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa Mkwaya na kufanya biashara.

Linganisha na korosho ya leo. Mkulima wa Chiola anapeleka magunia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaendesha mnada, na korosho inabadili mwenyewe ikiwa bado iko huku bara. Maghala na wapagazi vipo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana pia swali la korosho kusafirishwa kupitia bandari ya Mtwara au Dar es Salaam lilibishaniwa kwa nguvu kusini: watu hawakuwa wanabishania bahari, walikuwa wanabishania mzigo usubirie kwa nani.

Na Ndundu je? Hapo mto ulikuwa mpana, mvua zikija barabara za pande zote mbili zilizama, na kusubiri kulihesabiwa kwa siku. Watu walinunua, waliuza, walipika. Mwezi Agosti mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Basi likienda kilomita 60 kwa saa linamaliza daraja zima kwa takriban dakika moja. Weka hiyo kwenye kanuni: abiria wameongezeka mara nyingi kuliko enzi za pantoni, lakini muda wa kusubiri ni sifuri, na chochote mara sifuri unakijua. Hakuna mtu aliyeifukuza Ndundu. Biashara ya chakula ilihamia kule ambako dereva anaamua kusimama, kwenye njia panda kama Nangurukuru, na hapo anayepanga dakika ni dereva na konda. Shangazi siku hizi anasafiri amelala. Mwaka juzi aliamka Mbagala akauliza, "Hivi Rufiji tumeshavuka?"

Mtu anaweza kusema basi daraja liue kila kivuko. Kigamboni inaonyesha si lazima. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, mita 680, lakini liko Kurasini, mbali na mdomo wa hori. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Kigamboni kwenda Posta au soko la samaki la Feri hawezi kuzunguka huko. Kwa hiyo pantoni inaendelea kujaa, na pande zote mbili biashara zinaendelea. Kivukoni pana pia ule mkatiko wa pili wa Cooley: samaki wanashuka kwenye boti wakiwa wa mvuvi, wanaondoka wakiwa wa mama wa kukaanga. Soko hilo lingekuwepo hata kama kesho maji ya hori yangekauka. Nadhani.

Nisije nikaeleweka kuwa nasifia foleni. Kusubiri kule kule kunakomlisha mama lishe kunamkuta mjamzito usiku, upande ambao hospitali haipo. Na foleni ina tabia mbaya zaidi. Chombo kikikaribia kujaa kila safari, kusubiri hakupandi taratibu, kunaruka. Kivuko kinachobeba asilimia 70 ya uwezo wake kinaweza kumeza siku yenye watu wengi. Kinachobeba asilimia 95 hakiwezi, foleni inabaki mpaka jioni, na kila anayeona jua linazama anajisukuma ili asiachwe. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama mita chache tu kutoka gatini, watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu 228 wakafa. Kilikuwa kimetengenezwa kubeba abiria 101, na ilikuwa siku ya gulio. Siku ya gulio maana yake ni kwamba kasi ya kufika imepanda mara kadhaa wakati chombo ni kile kile. Hesabu rahisi ya wanaofika na uwezo wa chombo ingeweza kuonya tangu asubuhi kuwa foleni ya jioni itakuwa kubwa.

Kinachopindua chombo nacho ni fizikia ya kawaida. Watu waliosimama wanapandisha kitovu cha uzito juu, na wakisogea wote upande mmoja ili washuke haraka, uzito unahama pamoja nao. Chombo chenye nafasi kinavumilia. Kilichojaa kupita kiasi hakina akiba ya kuvumilia. Yule konda anayepiga kelele "rudini nyuma, gati bado!" huwa tunamwona mkali. Mwacheni apige kelele.

Sasa kama uko karibu na kivuko, Kitunda, Msangamkuu, Kigamboni, Likoni, popote, hii ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji kifaa zaidi ya simu. Kaa mlangoni uhesabu wanaoingia kwa dakika kumi, ugawe kwa kumi. Chagua abiria kama ishirini, si marafiki zako tu, uandike saa waliyofika na saa waliyopanda. Zidisha wastani wa kusubiri kwa kasi ya kufika. Kisha hesabu waliosimama gatini mara tatu au nne kwa nyakati tofauti, uone wastani wake unakaribiaje jibu lako. Rudia siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Ukimaliza, hesabu mabenchi ya ugali na mabeseni ya karanga, utuletee namba zote mbili. Mimi nikienda likizo naanza na Kitunda. Shangazi ameshasema anakuja, kwa sababu amesikia kuna pantoni.